Hidrojeni na Ramani ya Ulimwengu



Mwaka 1986 watafiti watatu, Valérie de Lapparent, Margaret Geller na John Huchra, walichapisha mchoro mmoja uliowashangaza wenzao. Walikuwa wamechagua ukanda mwembamba wa anga, wakapima umbali wa galaksi 1,100 hivi zilizomo, kisha wakaziweka kwenye karatasi, kila moja mahali pake. Waliotarajia nukta zilizotawanyika ovyo waliona kitu kingine kabisa. Galaksi zilikuwa zimejipanga katika kuta na nyuzi, na kati ya kuta hizo kulikuwa na nafasi kubwa ajabu zisizo na kitu. Miaka mitatu baadaye Geller na Huchra walitangaza ukuta mmoja wa galaksi wenye urefu wa mamia ya mamilioni ya miaka ya nuru.

Mpangilio huo haukuja kwa bahati. Ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi, gesi yake ilikuwa imesambaa karibu sawasawa kila mahali. Tofauti kati ya sehemu nzito na sehemu nyepesi ilikuwa kama moja kwa laki moja. Nguvu ya mvutano ikaanza kazi yake, na haikuwa na huruma: penye kingi pakaongezewa, penye kichache pakanyang'anywa. Kasi ya kazi hiyo ilitegemea kiasi cha maada nyeusi, ile tusiyoiona lakini inavuta, na baadaye ikategemea nishati nyeusi, ile ambayo tangu mwaka 1998 tunajua kwamba inauharakisha upanukaji wa ulimwengu. Mkinipa ramani nzuri ya mahali vitu vilipo, katika enzi moja baada ya nyingine, ninaweza kuvikadiria vyote viwili. Hiyo ndiyo sababu watu wazima wenye akili timamu hutumia maisha yao kuchora mahali galaksi zilipo.

Tatizo ni gharama. Kuiona galaksi kwenye picha hakutoshi, maana picha haisemi iko mbali kiasi gani. Inabidi nuru yake ichanganuliwe rangi kwa rangi, ili ijulikane imenyooshwa kiasi gani ikiwa safarini, ndipo umbali upatikane. Geller na wenzake walifanya hivyo galaksi moja baada ya nyingine. Leo mradi wa DESI, juu ya mlima Kitt Peak huko Arizona, unatumia nyuzi 5,000 za kioo, kila uzi ukisogezwa na roboti yake hadi mahali galaksi ilipo. Tangu mwaka 2021 umepima galaksi na kwasari, yaani viini ving'avu mno vya galaksi za mbali, kwa makumi ya mamilioni. Siidharau kazi hiyo hata kidogo, na kwa sasa ndiyo inayoongoza. Lakini ni kazi ya kuhesabu. Galaksi hafifu isiyofikiwa haimo kwenye ramani, na kadiri tunavyotazama mbali, ndivyo galaksi nyingi zinavyozidi kuwa hafifu.

Jioni hii nitawaeleza njia nyingine, ambayo imeacha kuhesabu galaksi. Inatumia mawimbi ya redio, na inatafuta kitu kimoja tu, gesi ya hidrojeni.

Hidrojeni ni kama robo tatu ya maada yote ya kawaida kwa uzito. Atomi yake ni nyepesi kuliko zote, ina protoni moja na elektroni moja, basi. Kila mojawapo ina tabia ambayo wanafizikia huiita spini. Spini hizo mbili zinaweza kuelekea upande mmoja au kupingana, na hali hizo mbili hazina nishati sawa. Zikielekea upande mmoja, nishati inazidi kwa kiasi kidogo mno. Elektroni inapogeuka, ziada hiyo hutoka ikiwa wimbi la redio lenye urefu wa sentimita 21, yaani masafa ya megahezi 1,420.4. Atomi iliyoachwa peke yake hungoja kwa wastani miaka milioni 11 hivi kabla haijageuka. Kwa mwendo huo mtu angekata tamaa mapema, ila galaksi moja tu kama yetu ina gesi hiyo ya kutosha kutengeneza mabilioni ya nyota kama jua. Kwenye wingi wa namna hiyo, daima kuna atomi zinazogeuka.

Aliyetabiri kwamba wimbi hilo lingeweza kupokelewa hapa duniani ni Hendrik van de Hulst, mwaka 1944. Alikuwa bado mwanafunzi, na nchi yake ya Uholanzi ilikuwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani. Mnajimu Jan Oort wa Leiden alikuwa amesoma makala ya Grote Reber, Mmarekani aliyejenga dishi lake mwenyewe uani kwao Illinois mwaka 1937 na kuanza kupima redio zitokazo angani. Oort aliona mbali. Kelele za redio alizozipima Reber zilienea kwenye masafa yote, kwa hiyo hazikusema chochote kuhusu mwendo wa gesi. Lakini kama kungekuwa na masafa mamoja maalumu, mwendo wa gesi ungepimika kwa kuangalia masafa hayo yamepanda au yameshuka kiasi gani. Akampa kijana swali hilo akalifanyie hesabu. Van de Hulst alirudi na jibu la sentimita 21.

Vita vilipokwisha, mbio zikaanza. Waholanzi walikuwa na dishi la rada lililoachwa na Wajerumani, wakalifunga huko Kootwijk, lakini moto ukateketeza kipokezi chao. Waliowatangulia walikuwa Harold Ewen na mwalimu wake Edward Purcell wa chuo kikuu cha Harvard. Ewen alitengeneza antena ya umbo la pembe kwa plaiwudi iliyofunikwa shaba, kwa fedha za msaada zisizozidi dola 500, akaitokeza nje ya dirisha la maabara. Mvua ikinyesha, pembe ilikuwa inaingiza maji chumbani. Theluji ikianguka, wanafunzi wapitao chini walilenga madonge yao humo. Tarehe 25 Machi 1951 wimbi la hidrojeni likapatikana. Ninachokipenda zaidi katika kisa hiki ni kwamba Purcell hakukimbilia kuchapisha. Aliwaandikia Waholanzi na Waaustralia, akangoja nao walipate, na Septemba mwaka huohuo taarifa zikatoka pamoja katika jarida la Nature.

Ndani ya miaka michache wanasayansi wa Leiden na Sydney walikuwa wamechora mikono ya galaksi yetu, Njia Nyeupe, kwa wimbi hilo. Miaka ya 1970 Albert Bosma, akitumia darubini ya redio ya Westerbork, aliona gesi ya pembezoni mwa galaksi nyingi ikizunguka kwa kasi kubwa kuliko ambavyo nyota zinazoonekana zingeweza kuihimili. Ushahidi huo, pamoja na ule wa mnajimu mwenzake Vera Rubin, ndio uliowalazimisha watu kuichukua maada nyeusi kwa uzito. Kwa hiyo hidrojeni ilikuwa imeshalipa deni lake mara mbili kabla hatujafika kwenye habari ya leo.

Ulimwengu unapanuka, na wimbi linalosafiri ndani yake hunyooka pamoja nao. Wimbi lililoondoka likiwa na sentimita 21 hutufikia likiwa refu zaidi, na masafa yake yameshuka. Likipokelewa kwenye megahezi 710, nusu ya 1,420, tunajua liliondoka ulimwengu ukiwa na nusu ya upana wa sasa, karibu miaka bilioni 8 iliyopita. Hatuhitaji uzi wa kioo wala roboti. Masafa yenyewe yanatuambia enzi na umbali, na kipokezi cha kisasa hugawa masafa katika maelfu ya vipande bila kutoka jasho.

Basi kipokezi kinachoshuka kwenye masafa kinarudi nyuma katika wakati. Chukueni masafa mnayoyatumia kila siku. Simu za mkononi za mfumo wa GSM huzungumza karibu na megahezi 900. Hapo ndipo inapotua hidrojeni ya miaka bilioni 5 na ushei iliyopita, kabla jua letu halijawaka. Televisheni za antena na king'amuzi hutumia megahezi 470 hadi 694. Hapo imelala historia ya miaka bilioni 8 hadi 10 iliyopita. Na stesheni za FM, zenye taarabu, mahubiri na mpira, zimekaa juu ya masafa yanayoleta habari za ulimwengu ukiwa na miaka kati ya milioni 250 na 400, wakati nyota za kwanza zilipokuwa zikiwaka. Tutarudi kwenye FM baadaye, maana kuna ugomvi huko.

Sasa, hidrojeni ya galaksi moja iliyo mbali ni hafifu mno. Mradi wa ALFALFA, uliotumia dishi la Arecibo lenye kipenyo cha mita 305, ulipata galaksi zipatazo 31,500 kwa wimbi hili, na karibu zote ni majirani zetu. Kuzipata moja moja kwa umbali wa mabilioni ya miaka ya nuru kunahitaji dishi ambalo hakuna serikali itakayolilipia. Hapo ndipo watu walipojiuliza: kwani ni lazima tuzione moja moja? Mtu akisimama mlimani usiku usio na mwezi na kutazama Ziwa Victoria, kwa mbali hawezi kuhesabu mitumbwi ya wavuvi wa dagaa. Taa zao za karabai zimechanganyika. Lakini anaona vizuri sana ziwa limeng'aa upande gani na limekuwa giza upande gani, na kwa kujua mahali dagaa walipo hiyo inamtosha. Ndivyo tunavyofanya. Tunapima jumla ya mng'ao wa redio katika kila kipande kikubwa cha anga, kwa kila masafa, bila kujali ni galaksi ngapi zilizochangia. Kwa kuwa kuta na nyuzi za ulimwengu ni kubwa kuliko galaksi moja mara elfu nyingi, ramani ya namna hiyo haipotezi kitu chenye maana kwetu.

Mwaka 2010 Tzu-Ching Chang, Ue-Li Pen, Kevin Bandura na Jeffrey Peterson walionyesha kwamba jambo hili si ndoto. Walitumia dishi la mita 100 la Green Bank, West Virginia, wakapima mng'ao wa redio kwenye eneo la anga ambalo galaksi zake zilikuwa tayari zimeorodheshwa kwa darubini za kawaida. Palipokuwa na galaksi nyingi, mng'ao uliongezeka kidogo. Nuru hiyo ilikuwa na umri wa miaka bilioni 7 hivi.

Baada ya hapo watu wakaanza kujenga vyombo kwa kazi hiyo hasa. Karibu na mji wa Penticton, Kanada, kuna darubini iitwayo CHIME. Ni mitaro minne ya wavu wa chuma, kila mmoja una urefu wa mita 100 na upana wa mita 20, na juu yake zimepangwa antena 1,024. Haina sehemu hata moja inayosogea. Imelala, inatazama juu, na dunia inapozunguka anga lote la kaskazini hupita mbele yake kila siku. Inapokea megahezi 400 hadi 800, yaani miaka bilioni 7 hadi 11 iliyopita. CHIME imekuwa maarufu zaidi kwa kunasa mimweko ya ghafla ya redio kutoka galaksi za mbali, kazi ambayo haikuwa lengo lake la kwanza. Magazeti hupenda mimweko. Mimi nawangoja wamalize ramani, na tayari wameshaiona hidrojeni wakiilinganisha na galaksi na kwasari zilizoorodheshwa na wengine.

Barani kwetu iko MeerKAT, katika nyika ya Karoo, Afrika Kusini: madishi 64, kila moja la mita 13.5, yaliyozinduliwa Julai 2018. Kwa kawaida madishi hayo huunganishwa ili yaone vitu vidogo kwa ukali mkubwa. Kwa ramani ya hidrojeni, watafiti walifanya kinyume: kila dishi likatazama peke yake, macho sitini na manne yenye ukungu, kila moja likiona eneo la anga pana zaidi ya mara mbili ya mwezi mpevu. Mwaka 2022 kundi hilo lilitoa matokeo yake kutokana na saa 10 na nusu tu za vipimo. Mng'ao wa hidrojeni ya miaka bilioni 4 na ushei iliyopita ulifuata vizuri orodha ya galaksi iliyotengenezwa Australia. Mwaka uliofuata Sourabh Paul, Mario Santos na wenzao, wakitumia madishi yaleyale yakiwa yameunganishwa, walitangaza kuuona mng'ao huo bila kuazima orodha ya galaksi ya mtu yeyote. Kwa maoni yangu hiyo ni hatua kubwa kuliko ilivyosifiwa. Kuazima orodha ya mwenzako ni njia salama ya kuthibitisha, lakini darubini ambayo haiwezi kusema kitu bila kuazima haitakuwa na jipya la kutuambia.

Tunatafuta nini ndani ya ramani hizo? Yapo mengi, ila moja linastahili kuelezwa kwa kituo. Katika ile miaka 380,000 ya kwanza, ulimwengu ulikuwa gesi ya moto iliyochanganyika na nuru, na mawimbi ya sauti yalipita ndani yake. Kila sehemu nzito ilisukuma wimbi kutoka kwake kwenda pande zote. Gesi ilipopoa na nuru kuachana nayo, mawimbi yalikwama pale yalipofika. Alama yake ikabaki: ukichukua galaksi yoyote, uwezekano wa kukuta nyingine ukiwa umbali wa karibu miaka ya nuru milioni 500 ni mkubwa kidogo kuliko ukiwa umbali wa 400 au 600. Tofauti ni ndogo, inahitaji galaksi nyingi mno ili ionekane, na ilionekana mara ya kwanza mwaka 2005, na makundi mawili kwa wakati mmoja.

Urefu huo unajulikana kwa hesabu za fizikia, na unapanuka pamoja na ulimwengu. Kwa hiyo, ukiupima ulivyoonekana miaka bilioni 4 iliyopita, kisha bilioni 7, kisha bilioni 10, unapata historia nzima ya upanukaji. DESI ilipofanya hivyo, mwaka 2024, matokeo yake yaliashiria kwamba huenda nishati nyeusi imekuwa ikibadilika kadiri muda unavyopita, jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Dalili hiyo bado haijafikia kiwango cha kuitwa ugunduzi. Inahitaji kupimwa na chombo cha aina nyingine kabisa, chenye makosa ya aina nyingine, ili tujue kama tatizo liko kwenye ulimwengu au kwenye darubini. Hapo ndipo hidrojeni inapohitajika sana.

Mbona basi kazi haijakwisha? Kwa sababu Njia Nyeupe imesimama mbele yetu. Elektroni zinazokimbia ndani ya usumaku wa galaksi yetu hutoa redio zake, na redio hizo zina nguvu mara elfu kumi, pengine laki moja, kuliko mng'ao tunaoutafuta. Kinachotuokoa ni tofauti ya tabia. Redio za galaksi yetu hubadilika polepole na kwa ulaini kutoka masafa mamoja kwenda mengine. Hidrojeni hupanda na kushuka, kwa sababu kila kipande cha masafa ni kipande kingine cha ulimwengu, chenye kuta na mapengo yake. Ukiondoa kila kilicho laini, kinachobaki ni hidrojeni.

Hivyo ndivyo isemavyo hesabu. Kwenye maabara mambo ni magumu zaidi, maana chombo chenyewe hakina ulaini. Waya wenye urefu usio sahihi, joto la mchana, dishi lililopinda kwa milimita chache, vyote huchukua redio laini za galaksi na kuzipa mawimbi ya uongo. Kosa la sehemu moja kwa elfu kwenye kipokezi ni kubwa kuliko hidrojeni yote. Na ukizidisha kusafisha, unaondoa hidrojeni pamoja na uchafu, bila kujua umeondoa kiasi gani. Wanaofanya kazi hii hutumia muda mwingi kupima vyombo vyao kuliko kupima anga, nami sioni namna nyingine.

Halafu tupo sisi wenyewe. Mkataba wa kimataifa unalinda megahezi 1,400 hadi 1,427 kwa ajili ya elimu ya anga, na hakuna anayeruhusiwa kurusha matangazo hapo. Ulinzi huo unatosha kwa hidrojeni ya jirani. Hidrojeni ya mbali imeshuka hadi kwenye masafa ya setilaiti za kuelekeza magari na meli, ya ndege, ya simu, ya televisheni. Sehemu kubwa ya hayo haina mkataba unaoilinda kwa ajili yetu, na ukweli ni kwamba hautapatikana. Watu wanahitaji simu. Kinachowezekana ni kutafuta mahali ambapo hayo yote ni machache.

Afrika Kusini ililiona hilo mapema. Mwaka 2007 ilipitisha sheria inayoipa serikali mamlaka ya kuzuia mitambo ya redio katika eneo kubwa la Karoo. Sheria hiyo ndiyo iliyoipa nchi hiyo nguvu ilipogombea darubini kubwa ya SKA, ambayo ujenzi wake ulianza Desemba 2022. Sehemu ya Afrika Kusini itakuwa na madishi 197, yakiwemo yale 64 ya MeerKAT; sehemu ya Australia itakuwa na antena 131,072 za masafa ya chini. Utulivu huo una bei, na wanaoilipa ni watu wa Carnarvon na vijiji vya jirani, ambako mashamba ya kondoo yamenunuliwa na mtandao wa simu una mipaka. Wapo waliolalamika, na wana haki ya kulalamika. Mnajimu anayesema anahitaji kimya anaomba mtu mwingine akae bila simu, na ni adabu kulitamka hilo waziwazi.

Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizoshirikiana na Afrika Kusini katika mpango huo, pamoja na Botswana, Ghana, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Ghana imeshaligeuza dishi la zamani la mawasiliano la Kuntunse, lenye kipenyo cha mita 32, likawa darubini ya redio. Kituo cha Longonot katika Bonde la Ufa kina madishi ya aina hiyo, na kimetajwa kwa muda mrefu kwa kazi kama hiyo. Nisiwadanganye, dishi moja la Longonot halitachora ramani ya kuta za ulimwengu. Lakini litafunza watu kupima, na kama mlivyosikia, tatizo la fani hii ni upimaji.

Niliahidi kurudi kwenye FM. Mwaka 2018 kundi la Judd Bowman, likitumia antena ndogo iitwayo EDGES huko jangwani Australia Magharibi, lilitangaza kwamba limeona hidrojeni ya enzi za nyota za kwanza ikimeza redio kwenye megahezi 78, chini kidogo ya stesheni za FM. Kilichoshtua ni kina cha umezaji huo, zaidi ya mara mbili ya kile ambacho nadharia iliruhusu. Makala za kueleza jambo hilo zikamiminika, nyingine zikiihusisha maada nyeusi. Wanasayansi wa India hawakuandika nadharia. Walijenga antena yao, SARAS 3, wakaiweka ielee juu ya maji ya ziwa huko Karnataka, kwa sababu ardhi iliyo chini ya antena ndiyo inayoleta mawimbi ya uongo na maji yana tabia moja inayojulikana. Mwaka 2022 walisema hawakuona kitu cha namna ile. Ugomvi haujaisha rasmi, lakini mimi naegemea upande wa ziwa.

Katika enzi hizo hidrojeni haina mpinzani. Kabla ya nyota za kwanza hakukuwa na galaksi ya kuhesabu, kwa hiyo DESI na wenzake hawana la kufanya huko. HERA, darubini nyingine ya Karoo yenye madishi 350 ya wavu, kila moja la mita 14, yote yakitazama juu moja kwa moja, imejengwa ili kuona jinsi nyota za mwanzo zilivyoichoma hidrojeni iliyozizunguka. Nyuma zaidi ya hapo masafa hushuka chini ya megahezi 50, ambako tabaka za juu za hewa ya dunia huanza kuyapotosha. Marekani imeandaa chombo kidogo, LuSEE-Night, kikapime masafa hayo kwenye upande wa mwezi usioikabili dunia, ambako matangazo yetu hayafiki.

Nimalizie na ombi, na ni kwa walimu wa fizikia walio humu. Si lazima mngoje Karoo wala mwezi. Hidrojeni ya Njia Nyeupe inapokelewa kwa pembe ya makaratasi magumu iliyobandikwa karatasi ya alumini, kikuza mawimbi kilichotengenezwa kwa masafa ya 1,420, kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta, na programu za bure. Vyote kwa pamoja havizidi bei ya simu janja ya kawaida, na klabu nyingi za wapenzi wa redio duniani zimefanya hivyo. Kati ya Julai na Agosti, saa tatu hadi saa tano za usiku, kitovu cha galaksi yetu huwa juu sana angani kwetu, juu kuliko kinavyofika Ulaya au Marekani Kaskazini. Elekezeni pembe huko, kisha mbali na huko, mlinganishe. Mtaona kilima kidogo kwenye mchoro karibu na 1,420.4, na mkigeukia mkono mwingine wa galaksi kilima kitasogea kwa sehemu ya megahezi, kwa sababu gesi ile inakwenda. Mwanafunzi akishapima msogeo huo na kuugeuza kuwa kilomita kwa sekunde, amefanya kazi ya Leiden ya miaka ya 1950 kwa mikono yake. Anzeni kwenye likizo ya mwezi wa saba, na atakayekwama kwenye kikuza mawimbi aniandikie.